Wasomaji Wauliza: Nani Anafaa Kumpandisha Mtu Mwenye Ulemavu Juu ya Farasi?

Makala yetu ya toleo lililopita, iliyohusu upandaji farasi kama njia ya kuwasaidia watu wenye ulemavu, imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Karibu zote, hata zile zilizoanza kwa kuulizia aina za matandiko, ziliishia kwenye jambo moja: wanaoendesha programu hizi wanapaswa kufundishwa nini, na wafundishwe mpaka wapi? Nimechagua barua sita. Kwa kuwa kuwafunza watumishi hawa ndiyo kazi yangu ya kila siku, nitajibu kama ninavyojibu darasani, yaani kwa urefu pale ambapo watu huumia na kwa ufupi pale ambapo hawaumii.

Swali la kwanza

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kupanda farasi, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 14. Hivi karibuni wazazi wa mtoto wa miaka saba mwenye mtindio wa ubongo wameniomba nimfundishe mtoto wao. Wenzangu wananiambia nianze tu, kwa kuwa anayewajua farasi anawajua. Mimi nasita. Je, nahitaji mafunzo mengine? Na nikiyapata, nitaruhusiwa kusema kwamba natoa tiba?*

Mwalimu mwenzangu, huko kusita kwako ndiyo sifa ya kwanza ninayoitafuta kwa mwanafunzi, na wale wasiosita ndio hunipa kazi kubwa. Nianze na swali lako la pili, kwa sababu jibu lake ndilo linalofungua la kwanza.

Kuna kazi mbili zinazofanana kwa macho, lakini kila moja ina mwenyewe. Ya kwanza ni upandaji saidizi, ambao ni kumfundisha mtu mwenye ulemavu kupanda farasi kwa njia iliyorekebishwa kulingana na mwili na akili yake. Lengo ni kujifunza kupanda, na faida za afya, utulivu na kujiamini huja pamoja na kujifunza huko. Hii ni kazi ya mwalimu kama wewe, aliyeongezewa elimu. Ya pili ni hipotherapia, jina lililotokana na neno la Kigiriki *hippos*, maana yake farasi. Hapa mgonjwa hafundishwi kupanda hata kidogo. Mtaalamu wa tiba ya viungo, wa tiba kwa vitendo au wa tiba ya usemi na lugha huutumia mwendo wa farasi kama chombo kimojawapo cha kazi yake, kama vile anavyoutumia mpira mkubwa au ubao wa mizani katika chumba cha tiba. Huyo ana leseni ya fani yake, na farasi hampi leseni hiyo wala hamwondolei. Kwa hiyo wewe, hata ukifuzu mafunzo yote ya upandaji saidizi, utasema unafundisha upandaji saidizi. Neno tiba utamwachia mwenye taaluma ya tiba. Wapo wanaoliandika neno hilo kwenye mabango yao bila kujali, nami nawahesabu kuwa wanawauzia wazazi matumaini yasiyo yao.

Sasa, umepungukiwa na nini ukiwa na miaka 14 ya uzoefu? Farasi si tatizo lako. Umepungukiwa na jinsi ya kumsoma mpandaji ambaye mwili wake haukutii unavyozoea. Mwanafunzi wa kawaida ukimwambia ashushe visigino, atavishusha. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo wa aina ya kukakamaa, ukimwambia hivyo kwa sauti ya kuamrisha, huenda misuli ya miguu ikazidi kukaza, magoti yakabana mbavu za farasi, na farasi aliyefunzwa kuongeza mwendo anapobanwa akaongeza mwendo. Kila mmoja hapo ametii, na bado mambo yameharibika. Mafunzo yatakuonyesha jinsi ya kumweka mtoto huyo juu ya farasi mwembamba wa kifua ili mapaja yasilazimishwe kupanuka, jinsi ya kusubiri dakika kadhaa za mwendo wa polepole mpaka misuli ilegee yenyewe, na jinsi ya kutoa agizo moja fupi kisha kunyamaza ili alichakate.

Vyombo vinavyopanga viwango vya kazi hii si vya jana. Nchini Uingereza chama kinachojulikana kwa herufi RDA kilianzishwa mwaka 1969, na mwaka huohuo Marekani ikapata chama kilichoitwa NARHA, ambacho tangu mwaka 2011 kinajulikana kama PATH International na hutoa vyeti kwa walimu. Upande wa hipotherapia, Marekani ina American Hippotherapy Association, inayowafunza wataalamu wa tiba wenye leseni. Ukipata kozi popote ulipo, tazama kama inafuata viwango vya chombo cha namna hii, na hasa tazama kama mtihani wake unakutaka ufundishe somo halisi mbele ya mtahini, kwa wapandaji wenye ulemavu na farasi walio hai. Cheti kinachopatikana kwa kujibu maswali ya karatasi peke yake kinathibitisha kwamba unajua kusoma.

Na ukikutana na wenzako wakakuambia kwamba watu hawa hupandishwa kwa huruma tu, wakumbushe habari za Lis Hartel wa Denmark. Polio ilimpata mwaka 1944 na kumwacha amepooza kuanzia magotini kwenda chini. Alikuwa lazima asaidiwe kupanda na kushuka. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alishindana na wanaume katika mashindano ya ustadi wa farasi akatwaa medali ya fedha, na mwaka 1956 akaitwaa tena. Wengi katika fani yetu huutaja ushindi huo kama cheche iliyowasha vituo vya kwanza Ulaya. Mimi huutaja darasani kwa sababu nyingine: mwanamke yule alikuwa mpandaji hodari kabla ya ugonjwa, na waliomsaidia walijua wakati wa kumshika na wakati wa kumwachia.

Swali la pili

*Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, mwanamke, na ninafanya kazi na watoto. Sijawahi kupanda farasi maishani. Nimesoma kuhusu hipotherapia na ningependa kuitumia. Nikimwajiri mtu anayewajua farasi, si itatosha nikae pembeni nikimwangalia mgonjwa wangu?*

Dada yangu, haitatosha, na sababu imo katika ule mwendo wenyewe unaotaka kuutumia.

Farasi anapotembea, kila mguu hugusa ardhi kwa zamu yake, na mgongo wake huisukuma nyonga ya aliyekaa juu yake kwenda mbele na nyuma, kulia na kushoto, na kuizungusha kidogo, yote kwa wakati mmoja. Ni mwendo unaokaribiana mno na ule wa nyonga ya mwanadamu anayetembea. Miguu ya nyuma ya farasi hupiga hatua mia moja hivi kwa dakika, kwa hiyo katika nusu saa kiwiliwili cha mtoto asiyeweza kutembea hulazimika kujirekebisha mara elfu tatu hivi. Hakuna mtaalamu mwenye mikono ya kumpa mtoto marudio hayo mezani.

Lakini marudio hayo si sawa kwa kila farasi wala kwa kila dakika. Farasi anayevuta miguu hutoa msukumo hafifu. Mwenye hatua ndefu humyumbisha mtoto kwa mapana. Kusimama na kuondoka hudai kazi ya misuli ya tumbo na mgongo. Kuzunguka duara dogo hupeleka uzito upande mmoja. Wewe ndiwe unayepaswa kuamua, kwa mtoto huyu, leo, ni lipi kati ya hayo linahitajika, na uliseme kwa lugha ambayo mwongoza farasi ataitekeleza papo hapo. Usipojua kwamba farasi amefupisha hatua kwa sababu mguu wake wa mbele unamuuma, utaandika katika faili la mgonjwa kwamba leo hakufanya vizuri, kumbe aliyekuwa hafanyi vizuri ni farasi.

Ninavyowafanyia wataalamu wa tiba wanaokuja kwangu ni hivi: kabla ya somo lolote la mgonjwa, wanafanya kazi ya banda. Wanapiga burashi, wanasafisha kwato, wanamwongoza farasi kwa kamba mpaka waweze kumsimamisha, kumwondosha na kumrudisha nyuma bila kumvuta. Wanajifunza kwamba farasi huona karibu pande zote za mwili wake, isipokuwa sehemu ndogo iliyo mbele ya paji la uso na nyingine iliyo nyuma ya mkia, na kwamba anayejitokeza ghafla kutoka sehemu hizo ni adui mpaka ithibitike vinginevyo. Kisha nao hupandishwa, tena huku wamefungwa kitambaa machoni, wakiwa na wasaidizi pande zote mbili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Daktari mmoja wa watu wazima, mwenye sauti nzito na mzaha mwingi, alipanda akicheka. Farasi alipopiga hatua ya tatu alikuwa ameshika ayali, yaani manyoya ya shingo ya farasi, kwa mikono yote miwili na hasemi kitu. Aliposhuka, jambo la kwanza aliloniuliza ni kwa nini msaidizi wa kushoto alikuwa ameondoa mkono wake pajani bila kumwambia.

Swali la tatu

*Mimi ni msimamizi wa programu yenye farasi watano. Mwezi uliopita, wakati wa kumtoa msichana kwenye kiti cha magurudumu na kumpandisha, farasi alisogea hatua moja. Msichana alining'inia kati ya jukwaa na tandiko kwa sekunde chache kabla ya kurudishwa kwenye kiti. Hakuumia, lakini watumishi wangu wanalaumiana mpaka leo. Mwongoza farasi anasema aliambiwa "twende", na mwalimu anasema hakusema. Niwafunze nini?*

Ndugu msimamizi, pole, na shukuru kwamba unaandika barua hii na si nyingine. Nakuomba kwanza uache kutafuta aliyekosea. Hilo lililotokea ni matokeo ya kituo kisicho na neno moja linaloeleweka na wote, nalo ni kosa la anayepanga mafunzo.

Katika somo zima, wakati wa kupanda ndio wenye hatari kubwa, ukifuatiwa na wa kushuka. Mpandaji hayuko kwenye kiti wala hayuko kwenye tandiko; uzito wake uko mikononi mwa watu; farasi yuko katikati ya jukwaa la kupandia na kizuizi kama mtu aliyesimama kwenye ujia mwembamba, na anahisi mguu ukipita juu ya kiuno chake bila kuona ni wa nani. Kwa sababu hiyo mafunzo ya kupandisha hayapaswi kuwa kipengele cha nusu saa katika semina. Yafanyiwe mazoezi mpaka yachoshe.

Anzeni bila mpandaji. Mwongoza farasi amlete farasi jukwaani, amsimamishe sambamba na ukingo bila kuacha pengo, kisha ageuke asimame mbele yake, wakitazamana, kidogo pembeni asije akakanyagwa. Kamba aikunje mkononi bila kuizungusha kwenye kiganja, kwa maana kamba iliyozungushwa kiganjani huondoka na vidole. Kazi yake kuanzia hapo ni kichwa cha farasi tu. Asimtazame mtoto anayepandishwa, hata mtoto akilia. Hilo ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu macho ya binadamu huvutwa na mtoto, na masikio ya farasi yanapolala nyuma hakuna anayeyaona.

Msaidizi mmoja asimame upande wa pili, chini, au juu ya kijukwaa kidogo kama farasi ni mrefu, tayari kuupokea mguu unaovuka. Mwalimu ndiye ampandishe au aongoze anayempandisha. Naye ndiye peke yake mwenye haki ya kumwondoa farasi jukwaani. Chagueni neno moja la kuondoka, lisilotumika katika mazungumzo ya kawaida. "Twende" ni neno baya mno kwa kazi hii: mama atamwambia mtoto "haya twende", msaidizi atamwambia mwenzake "twende pole pole", na ninavyokisia ndivyo ilivyotokea kwenu. Vituo vingi humtaka mwalimu aulize kila mtu kwa zamu, "Kushoto tayari? Kulia tayari? Mbele tayari?", amuulize na mpandaji, ndipo atoe agizo kwa kumtaja farasi kwa jina. Neno la kusimama, kwa upande mwingine, liwe la wote. Yeyote anayeona jambo, hata aliyeanza kazi leo asubuhi, akisema "Simama", farasi husimama kwanza na maelezo hufuata.

Mkimaliza hivyo, wekeni gunia la mchanga kwenye kiti cha magurudumu, mlipandishe. Kisha mtumishi mwepesi ajilegeze kama mtu asiyeweza kujitegemea, naye mmpandishe. Kisha zoezi ambalo wengi hulikwepa: farasi asogezwe makusudi katikati ya kupandisha, ili timu ijue kwa mikono, si kwa maneno, kwamba mpandaji ambaye bado hajavuka hurudishwa jukwaani, na aliyekwisha kuvuka hukaa juu huku farasi akipelekwa mbele taratibu atoke kwenye ule ujia. Kuamua hilo kunahitaji nusu sekunde, na katika nusu sekunde mtu hafikiri, hufanya alichokwisha kukizoea.

Ongezeni zoezi la kumshusha mpandaji kwa dharura. Farasi akishtuka, au mpandaji akipatwa na degedege, mwalimu hutaja upande wa kushukia. Msaidizi wa upande huo huvuta mguu kutoka kwenye kikuku, yaani kile chuma cha tandiko anachokanyagia mpandaji, hupitisha mikono kiunoni mwa mpandaji na kumtoa, huku msaidizi wa upande wa pili akihakikisha kwamba mguu wa upande wake umeachiliwa kabla ya mwili kuondoka. Mguu mmoja uliobaki kwenye kikuku unaweza kugeuza tukio dogo kuwa msiba, na ndiyo maana tunatumia vikuku vya usalama vinavyofunguka, na ndiyo maana wasaidizi wanafundishwa kuvikagua kwa vidole kila siku, kwa sababu mpira wa kikuku uliochakaa hauonekani kwa mbali.

La mwisho, andikeni tukio lile. Siku, saa, farasi, nani alisimama wapi, nani alisema nini, hali ya hewa, kelele iliyokuwapo. Msaini wote. Kituo kinachoandika matukio ambayo hayakumuumiza mtu ndicho kinachojua, baada ya miezi sita, kwamba matatu kati ya manne yalitokea kwa farasi yuleyule, katika somo la mwisho la siku.

Swali la nne

*Mwanangu wa kiume ana miaka tisa na ana sindromu ya Down. Kituo kimoja kilikataa kumpokea mpaka nilete barua ya daktari kuhusu shingo yake. Kijana aliyenihudumia alisema tu, "Mama, hizo ndizo taratibu," akarudi kwenye kompyuta yake. Mwanangu hajawahi kuumwa shingo. Nilihisi wanatafuta sababu ya kumkataa. Walikuwa na haki?*

Mama, walikuwa na haki ya kuitaka barua, na hawakuwa na haki ya kukujibu vile.

Kwa baadhi ya watu wenye sindromu ya Down, kano zinazoshikilia pingili mbili za juu kabisa za shingo huwa legevu, hivyo pingili hizo zinaweza kusogea kupita kiasi na kuugandamiza uti wa mgongo. Wengi wao hawana dalili yoyote, na ndiyo sababu kutoumwa kwa mwanao hakutoshi kumwondolea mwalimu wasiwasi. Kichwa chenye helmeti, kikitikiswa juu ya farasi, au mtoto akianguka, ndiyo mazingira hasa ambayo hatutaki kuyajaribu katika shingo ya aina hiyo. Picha ya eksirei peke yake haimalizi swali. Daktari anapaswa pia kumpima mishipa ya fahamu, na kipimo hicho hurudiwa, kwa kawaida kila mwaka, kwa sababu hali hubadilika. Mwalimu aliyefunzwa naye huendelea kutazama kati ya kipimo na kipimo: mtoto aliyeanza kuinamisha kichwa upande mmoja, kuchoka upesi, kubadilika mwendo, kudhoofika mikono, au kujikojolea wakati alikwisha kuacha, hapandishwi siku hiyo, na mzazi huombwa amrudishe hospitali.

Orodha ya hali zinazohitaji neno la daktari ni ndefu kuliko hiyo. Humo mna kifafa kisichodhibitiwa na dawa, nyonga iliyoteguka, uti wa mgongo usio imara, mifupa iliyokonda, na vidonda vya kugandamizwa kwa watu wasiohisi makalio yao. Mtumishi wa mapokezi halazimiki kuijua kama daktari, lakini anapaswa kufundishwa kusema, kwa dakika mbili, hayo niliyokueleza. Katika mafunzo yangu mapokezi nao hukaa darasani, na huigiza mazungumzo haya mimi nikiwa mzazi mkali. Wengi huona aibu mara ya kwanza. Baada ya mara ya nne huwa wamejifunza kuinuka kwenye kiti, kumwamkia mtoto kwa jina lake kabla ya mzazi, na kusema "bado hatujampokea" badala ya "hatumpokei".

Mpeleke mwanao akapimwe, Mama. Daktari akiridhika, rudi kituo hichohicho: waliokudai barua ndio wanaojua wanachokifanya, pamoja na ukavu wao.

Swali la tano

*Mafunzo huchukua muda gani, na yanaweza kufanyika kwa intaneti?*

Msaidizi wa pembeni anaweza kuanza kazi, chini ya macho ya mwingine, baada ya siku moja au mbili za mafunzo mazuri. Mwongoza farasi huchukua muda mrefu zaidi, nami simwachi peke yake mpaka nimemwona farasi akishtuka mkononi mwake na yeye asishtuke. Mwalimu huhesabu miezi, na kama hakuanza na msingi wa kupanda, miaka.

Kwa intaneti unaweza kujifunza majina ya magonjwa, sheria za faragha, ulinzi wa watoto, kupanga malengo ya somo na kuandika maendeleo ya mpandaji, na kwa kweli ni bora ujifunze hayo nyumbani kwa utulivu kuliko kupoteza saa za uwanja. Huduma ya kwanza, kushika paja la mpandaji bila kuuegemeza mkono wako kwenye mbavu za farasi, na kubadilishana wasaidizi mmoja mmoja ili mpandaji asibaki hata kidogo bila mtu, hayo yanahitaji mwili wako uwepo.

Swali la sita

*Mimi ni saisi, na nimemtunza farasi mmoja kwa miaka sita. Ni mpole kuliko wote, ndiyo maana kila mgonjwa hupandishwa yeye. Siku hizi nikimfunga mkanda wa tumbo hugeuza kichwa na kutaka kuniuma, na mkia haukai. Walimu wanasema amekuwa mtundu, nimkaripie. Mafunzo yakija, sisi wa bandani hatuitwi. Nifanyeje?*

Kaka, barua yako ilipaswa kuwa ya kwanza. Farasi huyo anasema, na wewe pekee ndiwe uliyemsikia.

Farasi mpole katika kazi hii huadhibiwa kwa upole wake. Hupewa wapandaji wazito, wapandaji wasio na mizani, na wapandaji wanaopiga kelele, kwa sababu haonyeshi. Kisha huanza kuonyesha kidogo kidogo: masikio hulala wakati wa kutandikwa, pua hukunjika, weupe wa jicho huonekana, meno husagwa, mkia hupigapiga pasipo nzi, na mwisho hugeuka kuuma mkanda. Ukimkaripia kwa hayo, utafanikiwa kumfundisha asionye, nasi hatutaki farasi asiyeonya chini ya mtoto asiyeweza kujishika.

Fikiria mgongo wake unapitia nini. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Farasi wa kilo 450, basi, mwisho wake ni kilo 90. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kwamba farasi waliobebeshwa asilimia 25 na 30 walichoka na kuumwa misuli kuliko wale wa 15 na 20. Lakini kipimo hicho ni cha mpandaji anayekaa katikati. Mpandaji anayeelemea upande mmoja kwa nusu saa, akiwa na wasaidizi wawili wanaojiegemeza bila kujua, humchosha farasi kuliko kilo zake zinavyosema, na vituo makini hushusha kiwango kwa wapandaji wa namna hiyo. Tandiko nalo, lililomkaa vizuri miaka sita iliyopita, huenda halimkai tena, maana mgongo wa farasi hubadilika umbo kwa umri na kwa kazi.

Kwa wenye vituo watakaosoma safu hii: mwiteni saisi darasani, na mpeni nusu saa ya kufundisha. Aeleze mapigo ya moyo ya kila farasi wake anapopumzika, ambayo kwa farasi mzima huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Aeleze nani hapendi kuguswa wapi, nani aliacha nafaka yake jana. Na apewe mamlaka ya kumwondoa farasi kwenye ratiba ya siku bila kuomba radhi kwa mtu, hata kama wapandaji wamekwisha kufika na wako kwenye kiti cha kusubiri na helmeti zao.

Kwako wewe, kaka: leo jioni, tandiko likiwa limetolewa, pitisha viganja vyako taratibu pande zote mbili za uti wa mgongo wake, kutoka mabegani mpaka kiunoni, kwa uzito wa mkono tu. Angalia atakapolala masikio, au ngozi itakaporuka, au atakapozamisha mgongo kukukwepa. Tia alama ya chaki mahali hapo. Kisha mwite daktari wa mifugo aje aione alama hiyo, na umwonyeshe mwalimu wako pia. Na mpaka daktari atakapokuwa amemaliza, farasi huyo asitandikwe.